Uso wa Shemeji, Pumba za Kuku

Siku hizi Dar es Salaam kila mtu anauza kitu cha kupaka usoni. Kijana anayeuza chaja za simu pale Mbagala Rangi Tatu ameweka ndoo ya asali ya manjano katikati ya waya zake. Fundi cherehani wa Charambe ana sabuni ya mlonge. Nimekwenda kununua vocha, muuzaji akanikagua kuanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni, taratibu, kwa huruma, halafu akasema, "Mzee wangu, ngozi yako imechoka." Nimekuja kununua vocha ya elfu moja! Ngozi imechoka, na mwenye ngozi je? Nimesimama kwenye daladala toka Posta hadi Rangi Tatu, kiwiko cha mtu nisiyemjua kimekaa mbavuni mwangu njia nzima, hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Yanaulizwa mashavu.

Ukiwasikiliza vizuri utagundua wote wanauza kitu kimoja: antioksidanti za mimea. Zamani hiyo ilikuwa habari ya watu wa maabara. Sasa iko kwenye stika za makopo, iko kwenye status za WhatsApp za mashemeji, iko kwenye spika ya yule bwana wa Tandika anayesukuma toroli na sauti iliyorekodiwa: inazuia moshi, inazuia vumbi, inarudisha ujana. Kuhusu ujana sina ugomvi, ukitaka kurudi mlango uko wazi. Ugomvi wangu ni hapo kwenye kuzuia moshi, kwa sababu moshi wenyewe naujua, tunaishi pamoja.

Njoo kwetu alfajiri. Kabla adhana haijamalizika mama wa vitumbua ameshawasha mkaa, na anauwashia kwa mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019, lakini kuna watu mtaani kwetu waliweka akiba ambayo naona itawafikisha kwa wajukuu. Kukicha zinaamka bodaboda. Baada ya hapo daladala, zile ambazo konda akigonga bati dereva anakanyaga mafuta na nyuma linatoka wingu jeusi, na abiria waliokuwa wakiikimbilia wanaingia ndani ya wingu na kupotea kabisa, unasikia tu "twende, twende". Mchana lori la kokoto linapita barabara ya vumbi kuelekea Chamazi, na barabara inasafiri nalo. Jioni ni zamu ya wachoma mishikaki na wakaanga chipsi. Usiku, mtu fulani ambaye hajulikani kwa jina lakini anajulikana kwa harufu anachoma nepi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2021: zile chembe ndogo zaidi za moshi, zenye upana usiozidi mikroni 2.5, kwa mwaka mzima zisizidi wastani wa mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Unywele wa mtu una upana wa mikroni kama 70, kwa hiyo hapo tunazungumzia kitu ambacho hata ukivaa miwani ya bibi hukioni. Mwaka uliofuata shirika hilo hilo likasema watu 99 katika kila 100 duniani wanavuta hewa iliyopita kiwango hicho. Niliposoma nikafarijika kidogo, maana nilidhani ni sisi tu wa Temeke. Lakini kupita kuna kupita. Kuna anayepita kwa bahati mbaya, na kuna sisi tuliopita tukapiga honi.

Na msidhani ugomvi wa watu wa Dar na moshi umeanza kwangu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka mlangoni mwao usiku na mchana. Wakashinda. Jiji likaomba muda wa kuhamisha taka, likapewa, likaomba tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akakumbusha kuwa ibara ya 14 ya Katiba inampa mtu haki ya kuishi, na kumchafulia hewa hadi uhai wake uwe hatarini ni kuigusa haki hiyo. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, huko Kinondoni. Kule nako mkazi mmoja na wenzake 794 wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 1991, nao wakashinda. Watu 795 kukubaliana jambo moja ndani ya Dar es Salaam! Sisi nyumba chache za uchochoroni kwetu tumeshindwa kukubaliana nani anunue kufuli la geti. Basi taka zikaendelea na safari yake, Vingunguti, Mtoni, hadi Pugu Kinyamwezi ziliko leo. Ninachotaka mkione ni hiki: hakuna mahali popote kwenye hukumu zile ambapo jaji aliwaambia walalamikaji wakajipake mlonge.

Lakini nisiwe mtu wa kubisha tu. Nimesoma, maana shemeji yangu, ambaye nitamleta hapa punde, habishiki bila kusoma. Na kwa uchungu mkubwa nakiri kuwa wauza makopo hawajatunga kila kitu. Moshi kweli unakula ngozi.

Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za wanawake 400 wenye umri wa miaka 70 hadi 80, baadhi wakiishi kwenye bonde la viwanda la Ruhr, wengine Borken, ambako ni shamba. Waliokuwa wakiishi kwenye masizi mengi zaidi ya magari walikutwa na madoa mengi zaidi kwenye paji la uso na mashavu, karibu asilimia 20 zaidi. Miaka mitano baadaye ukaja utafiti wa China uliowahusu wanawake wanaopikia kuni, makaa na mabaki ya mazao: mikunjo ya uso ilikuwa imechimbika zaidi, na ngozi ya juu ya viganja vya mikono nayo ilikuwa na makunyanzi kuliko ya wenzao. Kumbuka habari ya hiyo mikono.

Inavyotokea ni hivi. Kitu kikiungua nusunusu, iwe dizeli, mkaa au nepi ya jirani, masizi yake yanabeba haidrokaboni zinazopenda mafuta. Uso una mafuta, hasa uso wa mtu wa Mbagala saa nane mchana. Zinanata, zinapenya, na ndani ya seli kuna protini inayozipokea na kuanzisha zogo: mara vimeng'enya vya kuvunja kolajeni vinaongezeka, mara rangi inatengenezwa mahali isipohitajika na kuwa doa. Na katikati ya zogo lote hilo zinazaliwa radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni moja na zisizotulia mpaka zimeipata kwa jirani.

Ukitaka kuelewa radikali huru nenda msikitini siku ya Ijumaa. Mtu anatoka, anakuta ndala zake hazipo. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anavaa za mwenzake na kuondoka. Mwenzake anatoka, hana ndala, anavaa za wa tatu. Wa tatu anavaa za wa nne. Ukiuacha mchezo huo uendelee, hadi saa tisa nusu ya waumini wamevaa ndala zisizo zao na mmoja amekwenda nyumbani na kiatu cha mtoto. Ndivyo zinavyofanya molekuli: yanaporwa mafuta ya utando wa seli, utando unapora protini, protini inapora nyingine. Sasa antioksidanti ni yule mzee anayetoka, anamkuta kijana amesimama peku kwenye jua, anavua zake: "Chukua hizi mwanangu, mimi nyumbani ni hapo tu." Mzee anaenda peku, lakini mnyororo umekatika. Vitamini E inafanya kazi hiyo kwenye tando za seli. Na vitamini C ni mtoto wa mzee, anayemkimbilia baba yake na jozi nyingine ili kesho aweze kuigawa tena. Mimea inazitengeneza hizi kwa wingi kwa sababu yenyewe inashinda juani na haina pa kukimbilia.

Mpaka hapo mimi na wauza makopo hatuna tofauti. Sasa nimlete shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi Tegeta, na anapokuja Mbagala anakuja na begi la bidhaa. Zamani alikuwa na vyombo vya plastiki, kisha vitenge, sasa ana nyuso. Alikaa, akanywa maji, akanisalimia vizuri kupita kawaida, nikajua kuna jambo. Akatoa kichupa cheusi chenye mrija wa kudondoshea, kidogo kiasi cha dawa ya macho.

"Shem, hii siyo losheni. Hii ni seramu."

"Tofauti yake?"

"Inapigana na moshi."

"Inapiganaje?"

"Ina vitamini C, ina vitamini E, ina asidi feruliki. Vyote vya mimea. Mzungu mwenyewe anaipaka."

"Bei?"

"Kwa wewe, elfu themanini."

Hiyo "kwa wewe" ndiyo iliyonitisha. Mtu akikwambia bei ni kwa ajili yako, ujue ameshakuhesabu kwenye mauzo ya mwezi. Nikamwomba kichupa nikakisoma kwenye mwanga. Vitamini nilizifahamu. Asidi feruliki sikuwahi kuisikia, hivyo usiku nikaitafuta.

Jamani. Mnajua inatoka wapi? Hiyo asidi inakaa kwenye kuta za seli za mimea, na inajaa zaidi kwenye maganda ya nafaka: ngano, mchele, na juu kabisa ya orodha, mahindi. Pumba! Pumba za mahindi. Kitu ambacho pale mashineni tunakikoboa kwa hela yetu ili ugali uwe mweupe, halafu tunakifunga kwenye kiroba tunampelekea kuku. Miaka yote mke wangu anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, na mimi nashangaa kwa nini wale kuku wana nyuso kavu zisizo na doa, kumbe wanakula seramu. Sisi wenye nyumba tunakula sembe.

Nikampigia shemeji usiku huo huo. Akasema pumba si sawa na seramu, na nasikitika kusema yuko sahihi. Kwenye pumba ile asidi imefungwa kwa nguvu kwenye nyuzi za ganda, kiwandani wanaitoa kwa kemikali, wanaisafisha, wanaichanganya kwa vipimo. Kupaka unga wa dona usoni hakutakusaidia, utafukuzwa tu na kuku. Na utafiti wenyewe upo. Mwaka 2005 watu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa mchanganyiko wa vitamini C na E ukiongezewa asidi feruliki unakaa muda mrefu bila kuharibika, na kinga yake dhidi ya miale ya jua inaongezeka maradufu. Wengine wakaja kuupima mchanganyiko wa namna hiyo dhidi ya ozoni na moshi wa dizeli maabara, nao wakaona ngozi iliyopakwa haiumii sana kama isiyopakwa. Yale majaribio ya kwanza yalifanyika kwenye ngozi ya nguruwe. Hilo sikumwambia shemeji, alikuwa ametoka kuswali Isha.

Nilichomwambia ni kuhusu kichupa chake. Vitamini C ikishayeyushwa kwenye maji ni mwoga wa mwanga, hewa na joto. Inageuka njano, kisha rangi ya kahawia, na ikifika hapo imeshagawa ndala zake zote njiani. Kichupa kile kilitoka ng'ambo, kikalala kwenye kontena bandarini, kikakaa kwenye meza Kariakoo, Februari, chini ya jua ambalo hata muuzaji mwenyewe amejifunika boksi kichwani. Kisha kikapanda daladala hadi Tegeta, kikapanda tena hadi Mbagala. Nilipokidondosha kiganjani kilikuwa rangi ya chai ya rangi. Shemeji akasema ndivyo kilivyo, ni cha asili. Nikamwambia hata mimi ni wa asili, na nimekuwa rangi hii kwa sababu ya kusimama kituoni.

Haya ya asili nayo yana makelele yake. Watu wa pwani hatujaanza jana kujipaka mimea. Kuna liwa, kuna manjano, kuna singo ya Unguja yenye karafuu, waridi na mlangilangi, ambayo bi harusi anasuguliwa hadi chumba kizima kinanukia na mashangazi wanaanza kukumbuka ndoa zao. Vitu vizuri. Karafuu ina eujenoli, ambayo kwa kazi ya antioksidanti si mchezo, na manjano yana kurkumini. Lakini hakuna somo aliyewahi kumwambia bi harusi kuwa singo inachuja moshi wa lori. Aliambiwa atanukia, akanukia, biashara ikaisha. Leo mafundi wa matangazo wameichukua singo ya watu, wameiweka kwenye kopo lenye picha ya mwanamke mwenye uso mweupe kuliko kopo, na wameipa kazi ya kuzuia dizeli.

Na hapo kwenye uso mweupe ngoja nisimame kidogo. Melanini, ile rangi yetu nyeusi, yenyewe ni kinga. Inanyonya miale ya jua na inazima radikali huru, bure, bila kichupa. Sasa kuna watu katika mtaa huu huu wanaipaka mkorogo wenye hidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo serikali ilivipiga marufuku kwenye vipodozi miaka mingi iliyopita, wanaiondoa kinga waliyozaliwa nayo, halafu uso ukianza kuungua na kutoka mabaka wanakuja kwa shemeji kununua kinga ya elfu themanini. Sijaona biashara yenye akili kama hiyo. Muuzaji wa mkorogo na muuzaji wa seramu wanakaa meza moja, na mara nyingine ni mtu mmoja.

Mke wangu aliposikia mjadala akasema kwani hivi vitu havipatikani kwenye chakula. Swali zuri, na jibu lake linaanzia kwa mwanamume aliyekataa chakula cha mkewe. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alisimulia kuwa jioni moja mkewe alimwekea hoho mezani, hakuwa na hamu nayo, na badala ya kusema ukweli akaichukua akaenda nayo maabara. Huko akakuta imejaa vitamini C, ambayo alikuwa akihangaika kuipata kwa wingi, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimi siku niliyokataa bamia nilipewa mgongo.

Kuna na habari ya Qidong, China, eneo lenye hewa chafu kwelikweli. Mwaka 2014 watafiti walitoa ripoti ya watu 291 walionyweshwa kinywaji kwa wiki 12, baadhi yao kikiwa cha machipukizi ya brokoli. Waliokunywa brokoli walitoa kwenye mkojo benzini, ile sumu ya moshi wa magari, asilimia 61 zaidi kuliko wenzao. Brokoli haigawi ndala, inaiamsha seli itafute za kwake. Sasa brokoli kwa bei ya Masaki siiwezi, lakini ina ndugu zake wa ukoo mmoja hapa kwetu: kabichi, sukuma wiki, na ile mboga tunayoiita chainizi, inayouzwa fungu kila kona kuanzia Bunju hadi Mbande. Brokoli ndiyo iliyojaliwa zaidi, lakini ukoo ni ukoo. Tatizo ni upishi wetu. Dawa yenyewe inatengenezwa mboga inapokatwa au kutafunwa mbichi, kwa msaada wa kimeng'enya kinachokufa kwa moto mrefu, na mboga kwetu haijaiva mpaka isitambulike na mama yake. Halafu chainizi yenyewe imelimwa wapi? Kwenye matuta ya kando ya barabara na bondeni, inavuta moshi ule ule ninaovuta mimi, tena yenyewe haina hata Jumapili. Nimeagiza ioshwe sana, kwa maji mengi. Maji yakatoka siku mbili baadaye.

Ubuyu pia umejaa vitamini C, mara kadhaa kuliko chungwa. Tunauchemsha na sukari na rangi nyekundu hadi ulimi wa mtoto unafanana na taa ya breki.

Na kabla hujakimbilia duka la dawa kununua vidonge, Wafini walishajaribu. Walichukua wavuta sigara wanaume 29,133, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi nzuri ya karoti na tembele. Matokeo ya mwaka 1994: waliomeza karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Kitu kile kile ukikila kwenye tembele la nazi hakijawahi kumdhuru mtu, isipokuwa aliyekila kwangu bila kukaribishwa.

Kinachonikera hasa, ukiondoa bei, ni nani anayeuziwa. Nilimuuliza shemeji wateja wake ni nani. Akawataja: wa benki, wa ofisi zenye viyoyozi, wa magari ya vioo vya kupandisha, wengi wao hata dirisha hawafungui hadi wafike Mikocheni. Mama wa vitumbua hayumo. Konda aliyening'inia mlangoni hayumo. Trafiki wa Mtoni Mtongani, aliyesimama katikati ya mabomba ya moshi manne kwa wakati mmoja, hayumo. Kijana wa chipsi, ambaye kati ya mkaa na mafuta sidhani kama uso wake una hewa ya Mungu hata kidogo, hayumo. Dawa ya moshi inauzwa kwa wasio na moshi. Na wenye moshi wanaambiwa kwenye spika ya toroli kuwa ngozi zao zimechoka, kwa lawama, kana kwamba wao ndio waliokuwa wazembe.

Serikali angalau inalenga kwenye jiko. Mei 2024 ilizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwishaambiwa ziache kuni na mkaa tangu mwishoni mwa Januari mwaka huo. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu seli ya ngozi isiyopigwa na moshi haihitaji mzee wa kuigawia ndala.

Kwa ari hiyo Jumamosi jioni nikamwendea jirani. Ni askari mstaafu, mtaa mzima tunamwita Afande, na kila Jumamosi anafagia majani ya mwembe wake, anaongeza chupa za maji na chochote alichonacho, anawasha. Moshi unasimama, unatafakari, halafu unakuja kwangu.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umekuja kuota moto?"

"Hapana, Afande. Huu moshi, kwa heshima zote, unaharibu ngozi. Wajerumani wamepima."

Akauchokonoa moto kwa fimbo. "Wajerumani wana mbu?"

"Mbu?"

"Mbu. Malaria. Wanao?"

"Sidhani kama wengi, Afande."

"Basi wao wapime ngozi. Sisi tunafukuza mbu."

Nikajaribu kumweleza habari ya masizi, ya protini, ya elektroni. Akanisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyewahi kusikiliza watuhumiwa wengi, kisha akaniuliza mbona nimesimama upande wa moshi wakati upande wake ni safi. Nikahamia upande wake. Ulikuwa safi kweli. Tukaongea habari za Yanga na Simba hadi moto ukafifia.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mke wangu amechuchumaa uani, sufuria ya maharage juu ya jiko la mkaa, macho yamejaa machozi.

"Gesi imeisha?"

"Ipo."

"Sasa?"

"Maharage kwa gesi, baba? Mtungi wa kilo sita? Gesi ni ya chai."

Nikamwambia kuhusu wale wanawake wa China, mikunjo ya uso, na hasa ile habari ya ngozi ya mikono. Nikamwambia kwa upole, maana namhurumia. Akanyoosha mikono yake akaiangalia, mbele na nyuma, akaangalia na yangu.

"Yako bado mizuri," akasema, akanikabidhi kipande cha boksi. "Pepea wewe basi. Na upepee kuelekea ukutani, moshi usiende kwa Afande, ana pumu."